Waliolipia Sauti: Tarehe ya Redio na Matangazo, Kilosa hadi Mikumi

Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo kwa mtambo mdogo ambao mawimbi yake hayakufika mbali na mji wenyewe. Kilosa haikuisikia. Lakini Kilosa ya wakati huo haikuwa mahali pa kupuuzwa. Reli ya Kati ilikuwa imepita hapo tangu zama za Wajerumani, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalikuwa yamejaa manamba kutoka kila upande wa nchi, na karibu na stesheni palikuwa na maduka ya Wahindi na Waarabu. Habari ziliteremka kwenye treni pamoja na mizigo, barua na magazeti ya juzi.

Kituo kile kilifanywa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalitwaa shirika na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilitumia mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, ambayo hayashindwi upesi na milima. Kwa Kilosa, iliyokaa chini ya safu za Rubeho na Ukaguru, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mkulima wa Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya ng'ambo) alisikia taarifa ya habari dakika ileile aliyoisikia waziri Dar es Salaam.

Kwa hesabu yangu, mfanyabiashara wa kwanza wa redio katika wilaya hii ni mwenye duka aliyeuza betri. Kiwanda cha Matsushita kilianza kazi Dar es Salaam miaka ya 1960, na betri zake za National zikasambaa hadi kwenye vioski vya barabarani. Kila anayetoka vijijini mwetu anajua zilivyotumika: zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi. Mwenye duka alikopesha betri hadi msimu wa mavuno, na mara nyingi redio ya dukani kwake ndiyo iliyokuwa redio ya mtaa mzima. Vitabu vya historia ya habari havimtaji mtu huyu. Lakini bila mkopo wake, mitambo yote ya RTD kule Pugu Road ingezungumza na watu wa mjini peke yao.

Matangazo ya kulipia nayo yalikuwapo, kwa kuwa RTD ilikuwa na idhaa yake ya biashara. Kwa watu wa kawaida, hata hivyo, tangazo lililogharimiwa kutoka mfukoni mwao lilikuwa la msiba. Mtu amefariki Muhimbili, ndugu zake wako Kidodi na Malolo, simu hakuna: familia inalipia tangazo la kifo, jina la marehemu linasomwa pamoja na majina ya ndugu wanaotakiwa kupata taarifa popote walipo, na jirani aliyesikia anakimbia kugonga mlango. Naliona hili kuwa tangazo lenye thamani kubwa kuliko yote yaliyowahi kusomwa kwenye redio nchini. Halikumshawishi mtu anunue kitu. Lilimwezesha kumzika mama yake.

Serikali pia ililipia, na kwa nia kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, wakisikiliza pamoja, wakijadiliana, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Aliyekuwa na umri wa kushika jembe miaka ile anaikumbuka.

Mambo yaligeuka kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Reginald Mengi, mhasibu wa Machame aliyeongoza Coopers & Lybrand nchini na kuanza viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, akaanzisha Radio One na ITV mwaka 1994. Mwanza akatokea Anthony Diallo na Radio Free Africa. Mwishoni mwa miaka ya tisini Joseph Kusaga, aliyetokea kwenye disko, akaigeuza Clouds kuwa redio. Pamoja naye alikuwa Ruge Mutahaba, aliyeelewa kabla ya wengi kwamba muziki wa vijana unaweza kuuza bia, soda na laini za simu. Mengi na Ruge walifariki mwaka mmoja, 2019, Ruge mwezi Februari na Mengi mwezi Mei, na nchi iliwalilia wote wawili. Walistahili. Walitoa ajira, wakawapa vijana majina, wakaonyesha kwamba sauti ya Mtanzania inaweza kujiendesha bila ruzuku.

Lakini biashara yao ilisimama juu ya FM, na FM husafiri kwa mstari ulionyooka: mlima ukiikinga, inakatika. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, stesheni za mjini huanza kukwaruza na kupotea kadiri unavyoingia katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Kuweka mtambo wa kurudisha mawimbi kunahitaji fedha, na fedha hutoka kwa mtangazaji wa bidhaa, naye huuliza kwanza wasikilizaji wako wana nini mfukoni. Mkulima wa mpunga na ufuta hupata fedha mara moja kwa mwaka. Basi Kilosa iliingia kwenye zama za redio binafsi kwa kuchelewa, na iliyasikia mengi kwa masikio ya Dar es Salaam.

Aliyesogea karibu ni Aziz Abood. Jina la familia yake linasomeka ubavuni mwa mabasi ya Dar es Salaam na Morogoro, naye anamiliki Abood Media yenye redio na televisheni mjini Morogoro. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Morogoro Mjini. Mabasi, redio na siasa kwa mtu mmoja: mchanganyiko huo umeonekana katika mikoa mingi, na si wa kuchukuliwa wepesi.

Mikumi ilipata sura nyingine ya nguvu hiyohiyo. Joseph Haule, Professor Jay, alijulikana nchi nzima kupitia redio hizi mpya, hasa kwa wimbo Ndio Mzee wa mwaka 2001, unaomwigiza mgombea anayeahidi kila kitu. Mwaka 2015 watu wa Mikumi wakamchagua kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA, na mwaka 2020 wakamchagua Dennis Londo wa CCM.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafagia makazi ya maelfu ya watu na kuing'oa reli. Nchi iliyasikia yote mawili baada ya kutokea. Katika mambo kama haya, redio ya Dar es Salaam huleta habari, tena huzileta vizuri. Ila haiwezi kuwaketisha mkulima na mfugaji wanaojuana kwa majina katika kipindi kimoja wiki tatu kabla ya panga kuinuliwa, wala haiwezi kumwambia mtu wa bondeni ahame usiku huu. Kazi hiyo ni ya redio ya hapahapa.

Redio hiyo ipo. Radio Jamii Kilosa imo katika mtandao wa redio za jamii nchini, na redio za namna hiyo zote zina shida moja: umeme, vipuri na posho za watangazaji hulipwa kila mwezi, lakini wafadhili huja na mradi na kuondoka nao. Wakati huohuo miwa ya Ruhembe inakuwa sukari inayotangazwa nchi nzima, hoteli za Mikumi zinapokea watalii wa hifadhi yenye kilomita za mraba 3,230, na treni ya umeme imekuwa ikipita Kilosa tangu 2024.

Ninyi wenye hoteli na vituo vya mafuta vya Mikumi, wenye mashine za kukoboa mpunga wa Kilosa, vyama vya ushirika, wenye mabasi na makampuni ya simu: tengeni fungu la matangazo kwa redio ya nyumbani, lilipwe kila mwezi kama mnavyolipa kodi ya fremu. Na ninyi madiwani na wagombea, mkilipia kipindi, lipieni muda tu. Mwacheni mtangazaji na kinywa chake.