Unga mweupe wa risasi: rangi, dawa na sumu ya Zama za Kati

Kila mwaka, tunapofika kwenye Zama za Kati katika somo la historia, tunawaonyesha wanafunzi picha za vile vitabu ambavyo watawa wa Ulaya waliandika na kupamba kwa mkono. Wanashangaa weupe wa nguo za malaika. Halafu tunawaambia kwamba weupe ule ulikuwa sumu, tena unga uleule ulipakwa juu ya vidonda vya wagonjwa. Hapo swali linatoka palepale: «Mwalimu, bale batu balikuwaka bajinga?» Saa moja ya darasa haitoshi kujibu, ndiyo maana tunajibu hapa.

Kwanza kitu chenyewe. Unga huu unatoka kwa risasi, ile madini nzito na laini ambayo wavuvi wanafunga kwenye nyavu na ambayo iko ndani ya betri za gari. Msomaji wa kwetu akisikia unga mweupe wa kujipaka, mawazo yake yanaenda kwa pemba. Hapana, pemba ni udongo, unachimbwa tu. Unga wa risasi haupatikani hivyo, lazima fundi autengeneze.

Na namna ya kuutengeneza ni ya zamani sana. Theophrastus, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 300 kabla ya Kristu, aliieleza tayari: unaweka risasi ndani ya chombo juu ya siki kali, unafunika, unangojea, halafu unakwangua ile ganda nyeupe iliyoota juu yake. Zaidi ya miaka 1400 nyuma yake, mwanzoni mwa karne ya 12, mtawa mmoja fundi anayejulikana kwa jina la Theophilus aliandika karibu maneno yaleyale. Risasi ipigwe mpaka iwe vibati vyembamba, iwekwe ndani ya mti uliotobolewa, imwagiwe siki ya moto, ao mkojo kama siki haiko. Mwezi mmoja ukipita, unafungua na kutoa weupe. Kile kinachobaki unakirudisha, unaanza tena. Mafundi wengine walifukia vyombo vyao ndani ya mavi ya farasi. Wanafunzi wanacheka sana hapo, lakini ile ni akili kubwa: mavi yakioza yanatoa joto na ile hewa ya kaboni, na bila vitu hivyo viwili siki peke yake haifikishi risasi kuwa unga mzuri. Hawakujua kemia, lakini mikono yao ilijua.

Unga huo ukichomwa kwa moto unageuka mwekundu. Wekundu ule waliuita minium, nao ndio waliandika nao herufi kubwa za vitabu. Neno la Kifaransa «miniature» limetoka hapo, si kwa sababu ya udogo wa picha kama tulivyodhani sisi wenyewe siku nyingi.

Sasa upande wa dawa. Dioscorides, munganga Mgiriki wa karne ya 1, aliandika kwamba unga huu unapoza, unalainisha, unafaa kutiwa katika dawa za kubandika. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9. Al-Razi, munganga mkubwa wa Uajemi ambaye Wazungu walimwita Rhazes, aliacha jina lake kwenye marhamu nyeupe yenye unga wa risasi. Maduka ya dawa ya Ulaya yaliiuza kwa jina hilo kwa karne nyingi. Na tusiseme haikusaidia kitu. Chumvi za risasi zinakaza ngozi na kukausha kidonda chenye maji. Mgonjwa aliona kidonda kikikauka, akashukuru munganga wake.

Lakini Dioscorides huyohuyo aliandika kwamba ukiunywa, unakuua. Naye Vitruvius, fundi wa majengo wa Roma, alikataza maji ya kunywa kupita ndani ya mabomba ya risasi, akatoa ushahidi wake: tazama watu wanaoyeyusha risasi, nyuso zao zimepauka, damu imewatoka. Vitabu hivyo viwili havikupotea, watawa walivinakili. Kwa hiyo wajinga hapana. Walijua.

Sisi tunaona shida ilikuwa hapa: walijua sumu ya kinywa, ile ya kunywa na kufa. Sumu ya polepole ni kitu kingine. Risasi inaingia na vumbi mtu anapokwangua na kusaga, inajificha ndani ya mifupa miaka na miaka. Tumbo linasokota, mikono inalegea. Nani atamshitaki unga wa miaka 20 iliyopita? Hata wanawake walijipaka nao uso kusudi waonekane weupe, na maandishi ya urembo kutoka Salerno, Italia, ya karne ya 12, yanafundisha namna ya kuutayarisha. (Mamangu na dada zetu wenye kuchubua ngozi leo, tuwaache kwanza.)

Ajabu ni kwamba wachoraji waliogopa zaidi ukuta kuliko mapafu yao. Cennino Cennini, karibu mwaka 1400, aliwaonya mafundi wasitumie weupe wa risasi kwenye ukuta, kwa kuwa siku zikipita unageuka mweusi. Alisema kweli. Huko Assisi, katika kanisa la juu la Mtakatifu Fransisko, Cimabue alichora kuta karibu mwaka 1280, na leo mahali palipokuwa peupe pamekuwa peusi, watu wake wanafanana na picha ya filamu ambayo haijasafishwa.

Uchunguzi wa ukuta ulifika mapema hivyo. Ule wa wafanyakazi ulichelewa. Ni mwaka 1921 ndipo mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, ulipopitisha mapatano ya kukataza weupe wa risasi katika kupaka rangi ndani ya nyumba. Wachoraji wa picha za sanaa hawakuhusika. Mapatano yenyewe yaliwaruhusu waendelee.