Njia za mzazi kujua mahali ilipo simu ya mtoto

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi wa mijini humnunulia mtoto simu ya mkononi kwa sababu moja kubwa: kutaka kujua yuko wapi pale anapochelewa kurudi nyumbani. Foleni za barabarani, mvua, masomo ya ziada ya jioni na uhaba wa daladala ni mambo yanayoweza kumchelewesha mtoto kwa saa kadhaa, na kila dakika inayopita humzidishia mzazi wasiwasi.

Zipo njia kadhaa halali za kujua mahali simu ilipo, na nyingi kati ya hizo hazina malipo zaidi ya gharama ya intaneti. Hata hivyo, zote zina kikomo ambacho mzazi hana budi kukifahamu kabla ya kuzitegemea: huonyesha ilipo simu, si alipo mtoto. Simu iliyosahauliwa nyumbani, iliyoazimwa na rafiki au iliyoibwa kituoni itaendelea kutoa taarifa kana kwamba mtoto anayo mkononi.

Jambo hilo lina uzito zaidi hapa nchini, ambako shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu darasani. Kwa siku za masomo, namba ya mwalimu wa darasa na ya dereva wa basi la shule bado zina manufaa kuliko programu yoyote.

Simu hujuaje mahali ilipo

Njia ya kwanza ni mfumo wa GPS unaomilikiwa na Serikali ya Marekani, wenye setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika umbali wa kilomita 20,200 hivi. Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao kila wimbi limetumia kufika, kisha hukokotoa mahali ilipo. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru hatua hiyo ikome, na leo simu iliyo mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita 5 tu. Simu nyingi za sasa hutumia pia mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Ndani ya majengo na katikati ya maghorofa, mawimbi ya setilaiti hudhoofika. Hapo simu hutegemea mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, au minara ya kampuni za simu. Njia ya minara ndiyo yenye usahihi mdogo zaidi. Kosa lake huweza kuwa mita mia kadhaa mjini na kilomita kadhaa vijijini.

Ikumbukwe kwamba setilaiti haimwoni mtoto, wala haipokei chochote kutoka kwenye simu yake. Simu yenyewe ndiyo ijuayo ilipo, na ili taarifa imfikie mzazi ni lazima iitume kwa intaneti. Bando likiisha au betri ikizimika, kwa kawaida mzazi ataona mahali pa mwisho palipopatikana, na pengine ni pa saa tatu zilizopita. Kwa hiyo, jambo la kwanza kusoma kwenye ramani ni saa ya taarifa.

Jambo la pili ni duara hafifu linalozunguka alama ya simu. Duara hilo huonyesha ukubwa wa kosa. Likiwa na nusu kipenyo cha mita 500, eneo lake ni zaidi ya viwanja 100 vya mpira wa miguu. Katika mitaa kama Manzese au Tandale, eneo hilo lina nyumba nyingi mno kiasi kwamba mzazi hawezi kusema mtoto yuko katika nyumba fulani. Mtoto aliyeambiwa ni mwongo kwa sababu ya alama iliyoruka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine hana namna ya kujitetea, na huenda siku nyingine akaizima simu au kuiacha kwa rafiki.

Njia zilizopo

Kwa simu za Android, Google ina programu iitwayo Family Link, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mzazi humfungulia mtoto akaunti iliyo chini ya uangalizi wake, kisha huona kwenye ramani mahali simu ya mtoto ilipo. Programu hiyo pia inaweza kumpa mzazi taarifa mtoto anapofika au kuondoka mahali palipowekwa, kama vile nyumbani au shuleni. Haimruhusu kusoma ujumbe wa mtoto wala kusikiliza mazungumzo yake. Mzazi anaweza kuitumia hata kama simu yake mwenyewe ni iPhone.

Kwa simu za iPhone ipo programu ya Find My, iliyopewa sura yake ya sasa mwaka 2019 baada ya kampuni ya Apple kuunganisha programu mbili za awali, moja ya kutafuta simu na nyingine ya kutafuta marafiki. Inaweza kuonyesha mahali simu ilipo hata ikiwa haina intaneti, kwa kuwa vifaa vingine vya Apple vilivyo karibu hupokea mawimbi yake ya Bluetooth na kupeleka taarifa. Google ilianza kueneza mtandao unaofanana na huo mwaka 2024, ikianzia Marekani na Canada.

Njia rahisi kuliko zote ni ya WhatsApp. Tangu Oktoba 2017 mtumiaji anaweza kumwonyesha mwenzake anakopita kwa muda wa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha taarifa hukoma yenyewe. Njia hii inafaa kwa safari maalumu, mfano binti anapopanda bodaboda jioni au kijana anaposafiri peke yake kwenda mkoani. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayeiwasha, kwa hiyo anajua nani anamwona na hadi lini. Ramani za Google zina huduma ya aina hiyo pia.

Kwa watoto wadogo wasiostahili kuwa na simu, madukani kuna saa za mkononi zenye laini na GPS. Hizi zahitaji tahadhari. Mwaka 2017, Baraza la Walaji la Norway lilizipima baadhi yake na kubaini kasoro ambazo zingemwezesha mtu baki kufuatilia nyendo za mtoto. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri sauti zilizo karibu na mvaaji. Saa ya bei nafuu isiyojulikana mtengenezaji wake inaweza kumpa mtu mwingine ramani ileile anayoiona mzazi.

Simu ndogo za batani, maarufu kama vitochi, haziwezi kutumia programu hizo. Mwenye uwezo wa kutambua simu hizo ziko karibu na mnara gani ni kampuni ya simu, nayo haimpi mzazi taarifa hiyo kwa kuombwa tu; hutolewa kwa vyombo vya dola kwa utaratibu wa kisheria.

Mambo ya kuepuka

Mitandaoni kuna matangazo mengi yanayodai kwamba ukiingiza namba yoyote ya simu utaonyeshwa mahali mwenye namba alipo. Madai hayo ni ya kitapeli. Anayeyafuata huombwa fedha, namba za kadi ya benki au apakue programu yenye kumdhuru.

Aidha, zipo programu zinazofichwa ndani ya simu ili zichukue ujumbe, picha na nyendo bila mwenye simu kujua. Wauzaji huzinadi kama msaada kwa wazazi, lakini kila kinachochukuliwa hupelekwa kwanza kwenye kompyuta za muuzaji. Taarifa zilizo mikononi mwa kampuni ya mSpy zilivuja mwaka 2015, zikavuja tena mwaka 2018 na mwaka 2024. Mwaka 2021, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone kufanya biashara ya upelelezi wa simu. Mzazi anayemwekea mtoto programu kama hizo anaweza kuwa anamfungulia mlango mtu asiyemfahamu.

Hata programu zisizojificha zahitaji kuchunguzwa. Desemba 2021 iliripotiwa nchini Marekani kwamba Life360, programu iliyotumiwa na mamilioni ya familia, ilikuwa ikiuza taarifa za mahali watumiaji wake walipo kwa wafanyabiashara wa taarifa. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kuachana na uuzaji wa taarifa za mahali hasa alipo mtu.

Mzazi akague pia ni nani wengine wanaomwona mtoto. Programu ya Snapchat, kwa mfano, tangu mwaka 2017 ina ramani inayoweza kuwaonyesha marafiki mahali mtumiaji alipo. Mtoto anayewakubali watu asiowajua kuwa marafiki anaweza kuwaonyesha njia ya kwenda nyumbani kwao.

Sheria na haki za mtoto

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya faragha, na papo hapo unatambua wajibu wa wazazi wa kumwongoza kulingana na kukua kwa uwezo wake. Mwaka 2021, Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa maoni kwamba ufuatiliaji wa watoto kwa njia za kidijitali haupaswi kufanywa kiholela au bila mtoto kujua.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na kuunda tume ya kuyasimamia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa. Ridhaa hiyo ni dhamana: mzazi anapobonyeza kitufe cha kukubali, anakubali kwa niaba ya mtoto wake.

Makubaliano ya nyumbani

Kwa mtoto mdogo, maelezo mafupi yanatosha: simu hii inatuonyesha ulipo ili tukufuate ukipotea. Kwa kijana wa sekondari ni vema mambo manne yakubaliwe mapema: nani ataona mahali alipo, wakati gani ataangalia, atafanya nini akiona jambo asilolielewa, na lini ufuatiliaji utapunguzwa. La tatu ndilo muhimu zaidi. Mzazi aanze kwa kupiga simu na kuuliza, si kwa kutuhumu. Naye kijana ajue kwamba akiwa mahali asipopaswa kuwapo na akapatwa na hatari, anaweza kuomba afuatwe bila kuhofia adhabu usiku huohuo.

Mtoto asipopatikana

Maandalizi hufanywa kabla ya tatizo. Mzazi abonyeze *#06# kwenye simu ya mtoto na kuandika pembeni namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ahifadhi jina na nywila ya akaunti, na ajaribu njia aliyoichagua siku mtoto akiwa salama.

Mtoto akitoweka, mzazi aandike mahali pa mwisho palipoonekana pamoja na saa yake, apige picha ya ramani hiyo, awapigie walimu, marafiki na ndugu, kisha atoe taarifa polisi bila kungoja kesho yake. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana bila malipo kwa namba 116. Ikiwa ramani inaonyesha mahali pasipojulikana, mzazi asiende huko peke yake, kwani anayeishika simu wakati huo huenda akawa mwizi wake.

Mtoto naye akariri namba mbili za simu za watu wa nyumbani. Simu ikizimika, hizo ndizo zitakazomwezesha kuazima ya mtu mwingine na kusema alipo.