Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA)

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, linalojulikana zaidi kwa kifupisho UDA, lilikuwa shirika la umma la mabasi ya abiria jijini Dar es Salaam, Tanzania. Chimbuko lake ni kampuni binafsi ya Dar es Salaam Motor Transport (DMT), iliyotaifishwa mwaka 1970, miaka 3 baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa: UDA ikachukua safari za mjini, na KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, safari za mikoani.

Wakazi wa zamani huikumbuka UDA zaidi kwa mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoungwa katikati na kubandikwa jina la kumbakumba. Lakini nauli zilipangwa na serikali, vipuri vilihitaji fedha za kigeni zilizokuwa adimu, na jiji lilikua kuliko idadi ya mabasi. Pengo hilo lilizibwa na magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu rasmi. Magari hayo, yaliyoitwa daladala, yakatawala barabara, nayo UDA ikafifia.

Mwaka 2011 uuzaji wa hisa za UDA kwa kampuni ya Simon Group ulizua mjadala mkali hadi bungeni. Jina la UDA liliendelea katika UDART, kampuni iliyoanza kuendesha mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016.