Njia za Uluguru, Tangu Kivuko cha Dakawa

Dakawa ipo penye kivuko cha Mto Wami, kaskazini mwa mji wa Morogoro, kwenye barabara iendayo Dodoma. Kutoka kwenye mashamba yake ya mpunga, Milima ya Uluguru huonekana kusini, mara nyingi vilele vikiwa vimetandwa na mawingu. Mvua ya mawingu hayo ndiyo iliyowavurugia wengi mipango ya safari.

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuipanda milima hii, iliizunguka. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, mwaka 1857, walipita kusini kwa njia ya Zungomero. Mwandishi wa habari Stanley, mwaka 1871, alipita kaskazini, kwenye mji wa Simbamweni uliozungushiwa kuta za mawe, mji ulioanzishwa na chifu Kisabengo, karibu na Morogoro ya leo. Kupanga safari kulikuwa kupiga hesabu ya mizigo. Mpagazi alijitwika frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei, na chakula kilinunuliwa njiani kwa vitambaa, shanga na waya. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia na maji. Stanley alikuwa na vitambaa na shanga za kutosha. Kilichomponza ni majira. Masika ilimkuta kwenye kinamasi cha Mkata, magharibi mwa milima. Punda wake wakafa, naye mwenyewe akashikwa na kuhara damu.

Vita Kuu ya Kwanza iliifikia Dakawa Agosti 1916, majeshi ya Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, yalipopigania kuvuka Wami. Tarehe 26 yakaingia Morogoro. Smuts alitumaini kumbana kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, pale pale, milima ikiwa ukuta nyuma yake. Hakujua kwamba ipo njia ya kukatiza milimani hadi Kisaki. Wajerumani wakaponyoka. Ramani ya jenerali haikuwa na kile ambacho Mluguru yeyote wa Mgeta, huko milimani, angemwelekeza. Mizigo ya pande zote mbili ilikwenda vichwani mwa wapagazi Waafrika, na ni wachache mno ambao majina yao yaliandikwa popote.

Njia za leo ni zile zile za Waluguru: nyembamba, zinazopanda wima bila kuzungukazunguka, kwa sababu mtu mwenye kabichi kichwani anataka kufika sokoni mapema. Maarufu zaidi hutoka mjini Morogoro, hupita Morningside, penye nyumba ya enzi ya Wajerumani, na kufika Bondwa, kilele cha zaidi ya mita 2,000 chenye minara ya mawasiliano. Safari ya huko, kwenda na kurudi, huchukua siku moja. Uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu, mita zaidi ya 2,600, vinahitaji hema na kulala njiani. Tangu mwaka 2008 msitu ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo kibali na mwongozaji hutafutwa kabla ya kuondoka.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, ingawa miteremko ya mashariki, inayoelekea bahari, hupata mvua hata kiangazi. Wauza mboga huanza kushuka alfajiri. Njia haitoshi wawili: asiye na mzigo awapishe.