Mfupa wa Ishango na Swali la Namba Tasa

Ukitoka Goma kuelekea Rutshuru, baada ya kilomita kama 45 unafika Rumangabo. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyotangazwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, ikabadilishwa jina mwaka 1969 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Wengi wakisikia Rumangabo hukumbuka gorila wa milimani, volkano, vita visivyokwisha, na askari wa hifadhi zaidi ya 200 waliopoteza maisha kazini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya hifadhi hiyohiyo, mbali upande wa kaskazini, palichimbuliwa mojawapo ya alama kongwe zaidi za binadamu kuhesabu.

Mahali hapo panaitwa Ishango. Ni ufukoni mwa Ziwa Edward, pale mto Semliki unapoanza safari yake ya kuelekea Ziwa Albert na hatimaye Nili. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alichimba hapo na kukuta mabaki ya watu, mifupa ya samaki kwa wingi, zana za mawe na vyusa vya mfupa vyenye meno. Walioishi Ishango walikuwa wavuvi hodari. Miongoni mwa mabaki yao kulikuwa na mfupa mwembamba, urefu wake kama sentimita 10, wenye kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha moja. Ubavuni mwake palichanjwa chale nyingi fupi, zikapangwa kwa makundi katika safu tatu.

Safu tatu na chale 168

Tuzisome safu hizo. Safu moja ina makundi manne: 11, 13, 17 na 19. Ya pili nayo ina manne: 11, 21, 19 na 9. Ya tatu, iliyo katikati, ina makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha safu ya kwanza, utapata 60. Jumlisha ya pili, ni 60 vilevile. Ya katikati inatoa 48. Zote pamoja ni chale 168.

Safu ya kwanza ndiyo iliyowashtua wanahisabati. Namba tasa ni ile inayozidi moja na isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Chukua kokoto 15, utazipanga katika mistari mitatu ya tano tano. Chukua kokoto 17, upange upendavyo: mistari iliyo sawa haipatikani, isipokuwa uziweke zote katika mstari mmoja au uzitenge mojamoja. Kati ya 10 na 20 namba tasa ni nne tu: 11, 13, 17 na 19. Ndizo hizohizo zilizo kwenye mfupa, tena kwa mpangilio wa kupanda. Ukichagua namba nne tofauti kuanzia 10 hadi 20 bila mpango wowote, zipo njia 330 za kuchagua, na moja tu ndiyo itakayokupa hizo nne.

De Heinzelin mwenyewe aliliona hilo. Katika makala yake ya mwaka 1962 kwenye jarida la Scientific American, alieleza kwamba chale zile huenda ni mchezo wa hesabu wa watu waliojua kuongeza mara mbili na waliozifahamu namba tasa. Alionesha kwamba safu ya katikati ina 3 ikifuatwa na 6, na 4 ikifuatwa na 8, kisha 10 ikifuatwa na nusu yake, 5. Safu ya pili nayo ina 9 na 11, yaani 10 kutoa moja na 10 kuongeza moja, pamoja na 19 na 21, ambazo ziko vivyo hivyo kando ya 20.

Mabishano ya wataalamu

Mmarekani Alexander Marshack aliuchunguza mfupa kwa hadubini akafikia hitimisho tofauti: kwamba ni kumbukumbu ya miandamo ya mwezi. Hoja yake haikukosa msingi, maana miezi miwili ya mwandamo ni siku 59 hivi, karibu sawa na 60. Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck wakaona dalili za kuhesabu kwa 12, kwa kuwa 48 na 60 zote hugawanyika kwa 12. Wapo pia waliosema kwamba chale hizo huenda zilichanjwa ili mfupa usiteleze mkononi.

Umri wake nao ulibishaniwa. De Heinzelin aliukadiria kuwa wa kati ya mwaka 9000 na 6500 K.K. Baadaye Alison Brooks na wenzake walirudi Ishango kwa uchunguzi mpya, na leo makadirio yanayokubalika zaidi ni miaka 20,000 hivi au zaidi. Maana yake, kabla ya piramidi kujengwa na kabla ya maandishi kubuniwa, mtu wa Semliki alikuwa ameshika kisu cha jiwe akiweka idadi kwenye mfupa.

Je, alizijua namba tasa? Tupime madai haya kwa historia ya nadharia ya namba yenyewe. Uthibitisho kwamba namba tasa hazina mwisho uliandikwa na Euclid, mwanahisabati wa Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 300 K.K. Njia ya kuzichekecha namba tasa kutoka kwa nyingine inahusishwa na Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, katika Libya ya leo. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1896, Charles-Jean de la Vallée Poussin, profesa wa Leuven, Ubelgiji, alithibitisha kanuni inayoeleza jinsi namba tasa zinavyopungua kadiri namba zinavyokua. Mfaransa Jacques Hadamard naye aliithibitisha mwaka huohuo, kwa njia yake mwenyewe. De la Vallée Poussin alifariki mwaka 1962, mwaka uleule makala ya de Heinzelin ilipowafikia wasomaji wa dunia.

Kazi ya wanahisabati hao inatupa kipimo. Chini ya 100 kuna namba tasa 25. Chini ya 1,000 zimo 168, na chale za mfupa wa Ishango ni 168 kamili. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mvuvi wa Ishango alijua idadi ya namba tasa zote hadi elfu. Basi tukikubali kwamba ulinganifu huo umetokea kwa bahati, hatuna budi kukiri kwamba hata 11, 13, 17 na 19 zinaweza kuwa zimetokea kwa bahati. Anayetafuta mpangilio katika namba haukosi. Isitoshe, 9 na 21 za safu ya pili si namba tasa, na hakuna chochote kwenye mfupa kinachoonesha kwamba mchanjaji alijua kugawanya.

Tunachobaki nacho

Kukataa dai la namba tasa hakumpunguzii heshima mtu wa Ishango. Alichotuachia kinatosha: makundi yaliyotengwa, safu zilizopangwa na jumla zinazolingana. Huyu alihesabu, na aliona hesabu yake inafaa kuhifadhiwa. Tukimpachika elimu tusiyoweza kuithibitisha, tunawapa wabezaji sababu ya kukataa hata lile lililo wazi.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi za Asili. Ulitoka Kongo enzi za ukoloni, na mazungumzo kuhusu kurudishwa kwake ni haki ya Wakongo. Lakini ipo kazi isiyosubiri mazungumzo hayo. Mwalimu wa Goma, Rutshuru au Beni anaweza kuziandika ubaoni safu hizi tatu kesho asubuhi, awape wanafunzi kokoto, wagundue wenyewe namba ipi ni tasa na ipi si tasa, kisha wabishane juu ya maana yake kama wataalamu walivyobishana. Rumangabo, kila inapowapokea wageni wa Virunga, iwaeleze kuhusu Ishango kwa bidii ileile inayotumika kuwaeleza kuhusu gorila. Mtoto wa Kivu asimalize shule bila kujua kwamba somo la hesabu lina historia katika ardhi anayoikanyaga.