Kuzoesha mimea ya akwaria

Kuzoesha mimea ya akwaria ni kuutunza mmea hai wa majini katika siku na wiki zinazofuata kuhamishwa kwake, hadi utoe majani yanayoendana na maji, mwanga na joto la makao mapya. Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria kazi hii inagusa mimea ya asili ya ziwani, kama Vallisneria spiralis na Ceratophyllum demersum, pamoja na mimea ya vitaluni iliyotoka mbali, kama Cryptocoryne na Anubias.

Jani likishakomaa, mmea hauwezi kuliunda upya. Mimea mingi ya vitaluni hukuzwa majani yakiwa hewani na mizizi tu ikiwa majini. Jani la namna hiyo lina ngozi ya nta na vitundu vya kupitishia hewa. Likizamishwa, nta hulizuia kufyonza hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Basi mmea hurudisha shinani chakula kilichobaki, huliacha jani lioze, kisha hutoa jingine jembamba na laini. Cryptocoryne ndiyo inayowavunja watu moyo zaidi, maana yaweza kupoteza majani yote kwa siku chache ikabaki kishina tu mchangani. Wengi huing'oa hapo hapo, na inasikitisha, kwa sababu kishina kikiwa bado kigumu mmea uko hai na utachipua baada ya wiki kadhaa. Uking'olewa na kupandwa pengine, safari inaanza upya.

Ceratophyllum haina mizizi kabisa. Ukiipitisha kati ya vidole inakwaruza kidogo: kila kijani kimegawanyika panda mara moja au mbili, na ubavuni kina vimeno vidogo. Ikihamishiwa tangini, vijani hivyo hupukutika na kutanda chini kama sindano. Ncha iliyosongamana, yenye rangi ya kijani kibichi, ndiyo ya kuokoa. Ikatwe, iachwe ielee, na vilivyopukutika vifyonzwe kwa mpira kabla havijaoza na kuchafua maji. Vallisneria yenyewe hupandwa mizizi ikiwa mchangani, lakini mahali majani yanapoanzia pasifukiwe; pakifukiwa, huoza.

Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 23 hadi 27 za Selsiasi. Ni maji laini, yenye chumvi chache. Kwa kuwa maji ya bomba ya jiji la Mwanza hutoka humo humo ziwani, mmea wa ziwani haukutani na madini mageni. Tatizo ni klorini, ambayo hudhuru samaki na bakteria wanaosafisha tangi. Maji yakikaa saa 24 katika ndoo iliyo wazi, sehemu kubwa ya klorini hutoka. Atumiaye maji ya kisima kirefu, ambayo mara nyingi yana chumvi zaidi, ayachanganye kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Mwanga husahaulika, na kwa maoni ya mwandishi ndio unaostahili uangalifu mkubwa zaidi. Maji ya Ghuba ya Mwanza yametibuka, na kina kinavyoongezeka mwanga wa buluu hupotea, ukabaki ule wa kuelekea wekundu. Hata samaki wa ziwa hili waitwao furu huishi kwa kuufuata mwanga huo: jike wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, humtambua dume kwa wekundu wake. Mmea uliozoea mwanga hafifu wa ghuba hiyo ukiwekwa ghafla chini ya taa kali hauwezi kuutumia mwanga wote, na mwani hupata nafasi ya kuyafunika majani. Saa 6 kwa siku zinatosha mwanzoni. Ziongezwe majani mapya yakishatokea.

Mimea inayozidi isirudishwe ziwani wala kutupwa mtaroni. Gugu maji limetuonyesha hatari yake: lina asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa, na likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Liliziba mialo na njia za mitumbwi, hata wadudu aina ya Neochetina wakaletwa kulishambulia. Vipande vilivyokatwa tangini vianikwe juani hadi vivunjike mkononi, ndipo vitiwe shambani kama mbolea.