Jinsi sauti inavyojenga hisia katika filamu

SAUTI ya filamu ina sehemu kuu nne: maneno ya wahusika, sauti za mazingira, muziki na ukimya. Mwanafunzi wa fani hii hufundishwa mapema kwamba picha humwonyesha mtazamaji kinachotokea, ilhali sauti humwelekeza namna ya kukihisi.

Chukua picha ya nyumba ya matofali yenye ukuta uliopasuka, mlango wazi, pasipo mtu. Ikisikika enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, ikipigwa taratibu, picha hiyo huwa kumbukumbu. Vikisikika vicheko vya watoto uani, huwa tumaini. Ukisikika mngurumo usiojulikana utokako, huwa hofu. Picha ni ile ile.

Kwa wakazi wa Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, mfano huo si wa kubuni. Kata hiyo ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana na tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera.

Anayesimulia tukio kama hilo kwa kutikisa kamera pekee huonekana anafanya mchezo. Kinachoshawishi ni mngurumo mzito, vyombo vikigongana, bati likilia, kisha ukimya mfupi kabla ya kilio cha kwanza. Ukimya huo humpa mtazamaji nafasi ya kuwaza walio wake.

Muziki nao una nguvu kubwa. Katika filamu ya 'Psycho' ya mwaka 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni yasiwe na muziki. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika milio mikali ya fidla, naye Hitchcock akaikubali. Milio hiyo ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Hata hivyo, kinachofaa katika hadithi ya kubuni chaweza kuharibu filamu ya matukio ya kweli. Muziki wa huzuni ukiwekwa juu ya maneno ya mfiwa, humwamuru mtazamaji alie kabla hajamsikiliza.

Zoezi la darasani ni rahisi: wanafunzi hutazama kipande kimoja bila sauti, kisha husikiliza sauti yake bila picha, na mwisho huviunganisha. Aidha, kabla ya kuondoka eneo la kazi, hurekodi utulivu wa mahali hapo kwa nusu dakika. Hata ukimya wa Hamugembe una sauti yake.